Moto wa Majani ya Chai: Kampasi Ilikotokea

Tarehe 31 Januari 1774, kijana mmoja aitwaye Charles Clinton Beatty, mwanafunzi wa Chuo cha New Jersey kijijini Princeton, alimwandikia shemeji yake barua. Shemeji mwenyewe, Enoch Green, alikuwa mchungaji na alisoma hapohapo miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa chuo kikoje. Alipewa habari za wiki iliyopita tu. Wanafunzi walizoa majani yote ya chai yaliyowekwa na msimamizi wa chakula kwa ajili ya majira ya baridi, karibu ratili 12, wakayatoa nje wakayatia moto. Kengele ya chuo ikagongwa, maazimio makali yakapitishwa. Walitengeneza pia sanamu ya gavana wa Massachusetts, Hutchinson, wakaivisha kopo la chai shingoni, nayo ikaunguzwa. Hata miezi miwili ilikuwa haijatimia tangu watu wa Boston wamwage baharini chai ya Kampuni ya India Mashariki, na vijana wa Princeton, ambao bahari hawakuwa nayo, walijitafutia njia yao.

Katika kueleza moto uliwashwa wapi, Beatty hakusema uani wala barazani. Alitumia neno la Kilatini, campus. Barua hiyo ndiyo kongwe kuliko zote zinazojulikana ambamo neno hilo lina maana ya ardhi ya chuo.

Mimi nimeishi kwa kupima ardhi. Nimepima mashamba, makaburi, viwanja vya misikiti na vya baa, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilipangiwa ardhi za taasisi, vyuo vikiwemo. Mtu wa kazi hii akitajiwa mahali huuliza kwanza mpaka uko wapi. Tena kabla ya upimaji nilipita seminari ndogo, ambako padre mmoja mrefu, mwenye kikohozi kisichopona, alitukaririsha Kilatini asubuhi kabla ya uji. Campus, campi: uwanda, mahali tambarare, ardhi isiyo na kitu juu yake. Kwa hiyo watu walipozidi kusema kampasi wakimaanisha majengo, sikio langu liligoma, na bado linagoma.

Kiswahili kimelipokea neno hili pamoja na ukoo wake karibu mzima. Kampeni ni ndugu yake: jeshi lilipotoka kambini kwenda kupambana nyikani lilikuwa kwenye kampeni, na wanasiasa wakaazima. Kambi yenyewe ni ya ukoo huohuo. Championi ni yule aliyeshuka uwandani kupigana kwa niaba ya wenzake. Shampeni inatoka jimbo la Champagne kule Ufaransa, ambalo jina lake maana yake ni nchi ya tambarare. Kampala haimo, ingawa nimewahi kumsikia mwalimu akiiingiza. Jina lile ni la Waganda na linahusu kilima cha swala pala. Wala haimo ile kampasi ya wanafunzi wa hisabati ya kuchorea duara. Hiyo ina baba mwingine.

Uwanda uliovuma kuliko wote ulikuwa Roma. Uliitwa Campus Martius, uwanda wa Mars, mungu wa vita, kwenye mpindo wa mto Tiber, nje kidogo ya mpaka mtakatifu wa mji. Kuwa nje kulikuwa na sababu. Jeshi lenye silaha halikuruhusiwa kuvuka mpaka ule, na mkutano wa raia uliochagua makonsuli ulipangwa kijeshi, senturia kwa senturia, basi na wapiga kura nao ilibidi wakutane nje. Hapo vijana walijizoeza silaha, farasi walikimbizwa, sensa ilichukuliwa, na mto ulipofurika maji yalituama. Kwa macho ya mpima ardhi ni kiwanja kibaya: bondeni, chenye unyevu, kisicho na kivuli. Lakini kilikuwa cha watu wote na hakikuwa na kitu cha kuwazuia kusimama.

Yaliyofuata yananigusa zaidi. Mahali ambapo wapiga kura walipangwa mistari, pale palipoitwa Saepta, Julius Caesar alianza kupajengea upya kwa marumaru, na jemadari Agrippa akamaliza mwaka 26 kabla ya Kristo. Jengo lilipokamilika, nchi ilikwisha kuwa mkononi mwa mtu mmoja na kura zilikuwa zimepungua uzito. Wakalitumia kwa maonyesho ya mapigano, baadaye likawa mahali pa matajiri kununulia vitu vya anasa. Agrippa huyohuyo alijenga karibu na hapo Pantheon ya kwanza na mabafu. Kila mfalme akaongeza lake. Leo mtaa unaoitwa Campo Marzio umesongamana nyumba na hoteli, na ndani ya eneo la uwanda wa zamani limo hata jengo la bunge la Italia. Uwanda haupo.

Vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya havikuwa na ardhi ya aina hii. Bologna na Paris mwalimu alikodi chumba, wanafunzi wakamfuata humo. Paris kuna mtaa unaoitwa Rue du Fouarre, yaani mtaa wa majani makavu, kwa sababu wanafunzi walikaa juu ya majani wakisikiliza masomo. Oxford nako mji na chuo viliishi kwa kuumizana: tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi wawili waligombana na mwenye baa kuhusu ubaya wa mvinyo, ugomvi ukageuka vita ya siku kadhaa, na kwa hesabu inayosimuliwa huko wasomi 63 waliuawa. Ukitazama ramani ya Oxford au Cambridge unaona watu walioelewa hatari hiyo. Majengo yameupa mji mgongo, yamezunguka ua wa ndani, na kila chuo kina lango lenye bawabu.

Wahamiaji wa Kiingereza walipoanzisha Harvard mwaka 1636 walibeba na neno la ua. Majirani wa chuo walikuwa na nyua za ng'ombe, na ule wa wanafunzi ukawa ua wa chuo, ili mtu asipotee akaingia kwenye samadi. Harvard bado wanasema Yard, na wanajivunia.

Princeton ilianza tofauti, kwanza kwa sababu ya ardhi. Chuo cha New Jersey kilipewa hati mwaka 1746, kikahangaika kutoka mji hadi mji kikiishi katika nyumba za wachungaji waliokiongoza, hadi wadhamini wake walipotangaza kwamba mji utakaotoa fedha na ardhi ndio utakaokipata. Watu wa Princeton, kijiji cha njiani kati ya New York na Philadelphia, walijichanga. Nathaniel FitzRandolph alitoa ekari nne na nusu mwaka 1753. Hapo wakajenga jengo moja tu kubwa la mawe, Nassau Hall, lenye urefu unaozidi mita 50, likakamilika 1756. Gavana Belcher wa New Jersey, aliyekuwa amekisaidia chuo sana, alikataa lisiitwe kwa jina lake, na wajukuu wa wanafunzi wa wakati ule wanapaswa kumshukuru, maana jina lake kwa Kiingereza ni mtu anayecheua.

Kila kitu kilikuwa ndani ya jengo hilo: vyumba vya kulala, madarasa, maktaba, kanisa, jiko. Lenyewe lilisogezwa nyuma, mbali na barabara kuu, uso wake ukiielekea. Kati ya ukuta wa mbele na barabara pakabaki ardhi tupu. Hapakuwa na uzio wa mawe wala lango lenye bawabu. Msafiri aliyepita kwa farasi aliona chuo chote kwa mara moja, na wanafunzi dirishani walimwona yeye. Ardhi hii haikuwa ua, kwa kuwa ua huzungukwa na nyumba; haikuwa shamba, kwa kuwa hakuna aliyelima. Ilibidi ipate jina.

Anayesifiwa kwa kulileta ni John Witherspoon, mchungaji wa Kiskoti kutoka Paisley aliyefika kuwa rais wa chuo mwaka 1768. Usiku wa kuwasili kwake wanafunzi waliwasha mshumaa katika kila dirisha la Nassau Hall. Vyuo alivyovijua yeye, Edinburgh na Glasgow, vilikuwa vimebanwa katikati ya miji, kwa hiyo inaaminika kwamba alipouona uwanda ule mbele ya jengo moja aliuita alivyouona. Inaweza kuwa hivyo. Mimi huelekea zaidi upande wa vijana. Ili uingie chuo kile ulipaswa uweze kutafsiri Virgil na Cicero, na mvulana aliyepigwa Kilatini tangu utotoni hutafuta mahali pa kukichezea. Kukiita kiwanja chenye matope kwa jina la uwanda wa Roma ni utani wa mwanafunzi kabisa. Sisi seminari bwawa la kambare tuliliita Bahari yetu, kwa Kilatini cha Kaisari.

Hata hivyo uwanda ule haukuwa wa kila mtu, na anayeusimulia kwa Waswahili hana haki ya kupita kimya. Julai 1766 alifariki rais wa chuo, Samuel Finley. Mali zake zikatangazwa gazetini kuuzwa nyumbani kwa rais, nyumba iliyoko hatua chache kutoka Nassau Hall na ambayo imesimama hadi leo. Katika orodha hiyo, pamoja na vyombo, mifugo na vitabu, walikuwemo watu sita: wanawake wawili, mwanamume mmoja na watoto watatu. Mnada ulipangwa Agosti. Marais tisa wa kwanza wa chuo hicho, Witherspoon akiwa mmoja wao, wote waliwahi kumiliki watumwa. Kwa hiyo ardhi iliyotoa neno tunaloliandika kwenye mabango ya vyuo vyetu ni ardhi ambayo karibu miaka minane kabla ya barua ya Beatty watoto watatu wenye asili ya Afrika waliorodheshwa pamoja na mifugo.

Tena Novemba ya mwaka uleule wa 1774 walifika Princeton Waafrika wawili, Bristol Yamma na John Quamine, kuja kufundishwa na Witherspoon. Walitoka Newport, Rhode Island. Quamine alizaliwa pwani ya nchi tunayoiita leo Ghana; baba yake alimtuma ng'ambo akasome, na nahodha aliyekabidhiwa mtoto akamuuza. Yeye na Yamma walishinda bahati nasibu, na fedha hizo zikawasaidia kununua uhuru wao. Wachungaji wa Newport walitaka kuwaandaa warudi Afrika kuhubiri. Walifundishwa pembeni, hawakuhesabiwa miongoni mwa wanafunzi wa kawaida, kisha vita ya uhuru ikavuruga mpango wote na Quamine akafia baharini. Mtu huyo alikanyaga nyasi zilezile zilizounguzwa na moto wa chai miezi kumi nyuma, moto uliowashwa kwa jina la uhuru. Witherspoon, mwalimu wake, alitia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776.

Vita ilifika mpaka mlangoni. Januari 1777 majeshi yalipigana Princeton, na askari wa Kiingereza waliojificha ndani ya Nassau Hall wakatolewa kwa mizinga. Mwaka 1783 bunge la nchi changa lilikimbia askari wake wenyewe waliokuwa wakidai mishahara Philadelphia, likaja kukaa miezi kadhaa katika jengo hilohilo. Wabunge wakitoka nje kupunga upepo walipungia kwenye kampasi.

Kutoka hapo neno lilisambaa polepole. Kwa muda Princeton wenyewe walilitumia sambamba na ua. Wahitimu wao walikwenda kufungua na kufundisha vyuo vingine, kusini na magharibi, na neno likasafiri nao. Mwaka 1897 mtafiti wa Boston aitwaye Albert Matthews alilifuatilia, akakuta karibu vyuo vyote vya nchi vinasema campus. Waliobaki wagumu ni wachache. Harvard nimeshawataja. Virginia, chuo alichokichora Thomas Jefferson na kilichofunguliwa 1825 kwa nguvu za mikono ya watumwa waliofyatua matofali yake, husema Grounds, na ukisema campus mbele ya mhitimu wao atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi.

Ukubwa wa kampasi tunazoziona kwenye filamu za Kimarekani ulichangiwa na sheria moja. Mwaka 1862, katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, bunge lao lilipitisha sheria ya Morrill, iliyoipa kila jimbo ekari 30,000 kwa kila mbunge na seneta wake, ziuzwe au zitumike kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Jumla ilikaribia ekari milioni 11. Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili, wengine walilipwa fidia ya kuchekesha, wengine hawakulipwa kitu. Kila ninapoona picha ya nyasi zile zilizokatwa vizuri, kidole changu hutafuta pembeni ya picha alipohamishiwa mwenyewe. Ni ugonjwa wa kazi.

Princeton nao hatimaye walijiwekea lango. Mwaka 1905 walisimamisha lango zuri la chuma mbele ya Nassau Hall, wakaliita kwa jina la FitzRandolph aliyetoa ekari zake, na miaka minne baadaye, wakichimba msingi wa bweni, wakafukua makaburi ya familia yake. Mifupa ikazikwa upya chini ya tao la bweni hilo. Lango lenyewe lilifungwa karibu siku zote, likafunguliwa kwa sherehe tu. Wahitimu wa mwaka 1970, kizazi kilichokuwa kikipinga vita vya Vietnam, waliomba libaki wazi moja kwa moja, na tangu hapo liko wazi. Wanafunzi wamelitungia mwiko wao: ukitoka kwa lango lile kabla ya kumaliza, hutahitimu. Wasomi wa fizikia wanazunguka kupita pembeni.

Kwetu neno halikuja na Wamarekani moja kwa moja. Waingereza waliotutawala walikuwa wamechelewa kulizoea. Vyuo vyao vya miji ya viwanda vilikuwa majengo ya matofali mekundu kando ya barabara ya tramu. Lakini kwa makoloni walitaka kitu kingine. Tume ya Asquith, mwaka 1945, ilipendekeza vyuo ambamo wanafunzi wanalala, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Vikatafutiwa ardhi kubwa, mara nyingi pembezoni mwa mji na ikiwezekana kilimani: Ibadan, Legon, na Makerere iliyokuwa imeshatangulia kukalia kilima chake tangu 1922. Ni mpango wa Princeton uliopandishwa kilima, na ambao kwa sababu za kikoloni uliwatenga wasomi na watu wao. Upepo mzuri, kelele hakuna, kijiji hakionekani.

Dar es Salaam tulifika mwisho. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa sheria hawakufika 15. Wakati huo hakuna aliyezungumza habari za kampasi. Ukishuka ngazi ulikuwa mtaani, kati ya mafundi cherehani na wauza kahawa. Mwaka 1964 kikahamia Observation Hill, kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na watu wakakiita Mlimani hata kabla rangi haijakauka. Mlima wenyewe kwa mtu wa Mbeya kama mimi ni tuta. Lakini kwa Dar unatosha kuona bahari.

Nilipopita pale na darubini ya kupimia mabegani, kilichonivutia ni jinsi wachoraji walivyolifuata teremko. Majengo yameachiana nafasi, njia zimeezekwa ili mtu asinyeshewe akitoka darasa hadi darasa, na mbele ya Nkrumah Hall, lile jengo lenye paa la mikunjo lililowekwa hata kwenye noti ya shilingi 500, ardhi imeachwa wazi. Wanafunzi kama kawaida yao hawafuati njia zilizojengwa. Wamechora za kwao katikati ya nyasi, na mpimaji mwenye akili huzichora hizo, kwa kuwa zinasema ukweli kuhusu watu wanakotaka kwenda.

Vijana wa Mlimani walijifunza haraka kazi ya ardhi iliyo wazi. Tarehe 22 Oktoba 1966 walikusanyika wakaandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawarudisha nyumbani waandamanaji wapatao 400. Baada ya hapo ilikuja miaka ambayo mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akihutubia pale na Yoweri Museveni akiwa mwanafunzi anayesikiliza, na mijadala ilianzia ukumbini ikaishia nje kwa kuwa ukumbi haukutosha. Vijana waliofukuzwa mwaka 1966 walikuwa na madai dhaifu, huo ndio msimamo wangu. Lakini serikali iliyasikia uso kwa uso, na ilisaidia kwamba walikuwa na mahali pa kuhesabiana kabla ya kuondoka.

Leo ukishuka upande wa barabara ya Sam Nujoma, sehemu ya ardhi ya chuo imekodishwa na juu yake kuna Mlimani City, maduka yaliyofunguliwa 2006. Simlaumu mtu, chuo kinahitaji fedha, na mimi mwenyewe hununua viatu pale. Namkumbuka Agrippa tu na wauza anasa wake. Na neno lenyewe limeendelea kuhama. Chuo kimoja sasa kina kampasi mikoani kama duka lenye matawi. Nairobi kijana akikuambia yuko campus anamaanisha anasoma chuo kikuu, hata kama darasa liko ghorofa ya tatu juu ya duka la simu na mapumziko ni ngazini. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya husema bewa, na bewa nalo limepanda lifti. Kampuni za kompyuta za California zinaziita ofisi zao campus, zikapanda nyasi kweli, zikaweka na walinzi wa kukuzuia usizikanyage.

Kisa kimoja nikimalizie, kwa kuwa ndicho kilichonisukuma kuandika. Miaka ya mwisho ya kazi niliitwa na chuo kimoja, jina nitaliacha, kuchora upya sehemu ya ardhi yao. Kulikuwa na uwanja wa nyasi kati ya maktaba na bwalo, wenye mwarobaini mmoja mkubwa, ambapo wanafunzi walifanyia kampeni za serikali yao, walisubiria matokeo, walichezea karata, walitangaziana misiba. Kwenye ramani ya kwanza, iliyochorwa kabla yangu, uwanja huo uliandikwa "eneo la wazi". Ofisa aliyenipokea alitaka hapo pawe maegesho. Nikamwonyesha maandishi. Akanijibu kwa upole: "Mzee, eneo la wazi maana yake liko wazi. Tunaweza kuweka kitu." Nilibishana naye kidogo, lakini kisheria alikuwa na njia. Ramani haikusema uwanja ni wa nini, na mwenye mamlaka akaisoma alivyotaka. Mwarobaini ulikatwa, zikapakwa alama za kuegesha magari 60. Mikutano ya wanafunzi ikahamia ukumbini, ambako unaomba kwa barua na unajibiwa baada ya wiki mbili.

Ombi langu kwa walio kwenye kamati za mipango za vyuo, vya serikali na vya watu binafsi, ni dogo na halina gharama. Kabla hamjaweka bikoni ya jengo la kwanza, pimeni uwanja wa wanafunzi. Uwekeeni bikoni zake nne. Msiuite eneo la wazi. Andikeni kwenye ramani na kwenye hati matumizi yake, kwamba ni mahali pa mikutano, na kwamba haujengwi, haukodishwi wala hauegeshwi magari. Mpimaji yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja.